Sikukuu na mifungo ya Wahindu wa Kitamil: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa Chennai, Vellore au Madurai hata miezi miwili, utaanza kuuliza. Mbona leo mama mwenye nyumba hali? Mbona bucha la mtaani halina wateja mwezi mzima? Mbona Deepavali ya mwaka jana ilikuwa Oktoba na ya mwaka huu ni Novemba? Maswali haya nimeyasikia kwa wanafunzi wenzangu, kwa ndugu waliokuja kuuguza wagonjwa wao hospitali, na kwa watu wa nyumbani wenye majirani Watamil. Nilikaa Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, miaka minne, nikipanga chumba cha juu kwa mama mmoja mjane aliyebandika almanaki yake ukutani jikoni na kuitazama kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Mengi ya hapa nilianza kuyajua kwake.

## Kalenda yenyewe

1. Kalenda ya Kitamil ni ya jua au ya mwezi?

Miezi yenyewe ni ya jua. Kila mwezi huanza jua linapoingia buruji mpya: likiingia Punda unaanza Chithirai, likiingia Mbuzi unaanza Thai. Ndiyo maana miezi haina urefu sawa. Dunia ikiwa mbali na jua, mwanzoni mwa Julai, jua huonekana kwenda polepole, na mwezi wa Aani unaoangukia hapo huweza kufika siku 32. Mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu na jua, na Margazhi huwa na siku 29 au 30 tu.

Lakini ndani ya mwezi huo wa jua, sikukuu nyingi na karibu mifungo yote hufuata mwezi wa angani. Mtu wa pwani asione ajabu. Wazee wetu nao walihesabu Nairuzi kwa jua, kwa ajili ya kilimo na safari za baharini, na Makunduchi bado wanaukoga mwaka kila Julai, huku Ramadhani na Idi zikifuata mwandamo. Tofauti ni kwamba Watamil wameziunganisha hesabu hizo mbili katika karatasi moja.

2. Miezi ni ipi?

Chithirai (kuanzia katikati ya Aprili), Vaikasi, Aani, Aadi (katikati ya Julai), Aavani, Purattasi, Aippasi (katikati ya Oktoba), Karthigai, Margazhi, Thai (katikati ya Januari), Maasi na Panguni. Ukishika hiyo minne niliyoitaja na tarehe zake, iliyobaki utaihesabu kwa vidole.

3. Basi tarehe ya sikukuu hupatikanaje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na nusu ya mkanganyiko wa wageni hutokana na kutoliuliza. Usianze na "ni tarehe ngapi?" Anza na "inapimwa kwa nini?" Vipimo viko vinne.

Kwanza jua: Pongal ni siku ya 1 ya Thai, Mwaka Mpya ni siku ya 1 ya Chithirai, Aadi Perukku ni siku ya 18 ya Aadi. Hizi hazisogei zaidi ya siku moja katika kalenda ya Kizungu. Pili umri wa mwezi, yaani tithi (swali la 4): Deepavali, Sivaratri, Vinayagar Chaturthi, Ekadasi. Hizi husogea kwa wiki kadhaa. Tatu nyota ambayo mwezi umeifikia (swali la 5): Thaipusam, Panguni Uthiram, Karthigai Deepam. Nne siku ya juma: Ijumaa za Aadi, Jumamosi za Purattasi, Jumatatu za Karthigai.

Ukijua sikukuu iko chini ya kipimo gani, utajua pia kwa nini inahama au haihami.

4. Tithi ni nini?

Ni sehemu moja ya 30 ya safari ya mwezi kutoka giza hadi giza. Kila mwezi unapolitangulia jua kwa nyuzi 12 zaidi, tithi moja imekwisha. Kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi huweza kuwa ya saa 19 au hata 26, na inaweza kuanza saa yoyote, mchana au usiku wa manane.

Hapo ndipo ugumu ulipo: tithi moja hugusa tarehe mbili. Kanuni ya jumla ni kuchukua siku ambayo tithi hiyo ilikuwapo jua lilipochomoza, lakini mifungo kadhaa ina saa yake. Pradosham (swali la 8) hutazamwa wakati jua linatua, Sivaratri, yaani usiku wa mungu Shiva, hutazamwa usiku wa manane, na Sankatahara Chaturthi, mfungo wa tithi ya 4, mwezi unapochomoza. Kwa hiyo ukiona almanaki inasema "Chaturthi kesho" na jirani anafunga leo, huenda hakuna aliyekosea.

5. Na nyota?

Njia ya mwezi imegawanywa vituo 27, vinavyofanana na manazili ya wanafalaki wetu, na mwezi hulala kituo kimoja kwa takribani siku moja. Mtamil hujua nyota yake ya kuzaliwa kama ajuavyo jina lake. Hekaluni kuhani humwuliza nyota kabla ya kumwombea.

Mojawapo ya vituo hivyo unaifahamu. Krittikai, iliyoupa mwezi wa Karthigai jina, ni Kilimia. Ndiyo ile ile ambayo wakulima wetu husema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa Watamil, nyota zake ni wanawake sita waliomlea mtoto Murugan, mungu wao mpendwa, na kila mwezi ukipita hapo baadhi ya waumini wake hufunga.

6. Mwaka mpya ni lini, na mbona miaka ina majina?

Huangukia tarehe 14 Aprili kwa kawaida, na huitwa Puthandu. Usiku wa kuamkia, sinia hupangwa matunda, maua, dhahabu, majani ya tambuu na kioo, ili liwe kitu cha kwanza kuonwa alfajiri. Mchana hupikwa mchanganyiko wa embe bichi, sukari guru, pilipili na maua ya mwarobaini, ili ulimi uonje utamu, uchachu na uchungu wa mwaka kwa pamoja.

Majina ya miaka ni 60 na hujirudia. Ulioanza Aprili 2025 unaitwa Visvavasu, na wa Aprili 2026 ni Parabhava. Mwaka 2008 serikali ya jimbo iliuhamishia Mwaka Mpya siku ya Pongal kwa sheria. Mwaka 2011 serikali iliyofuata ikaifuta sheria hiyo. Mjadala haujaisha, kwa hiyo usishangae mtu akikutakia mwaka mpya Januari.

## Mifungo

7. Wanapofunga hawali kabisa?

Inategemea mtu na nadhiri. Neno lao ni viratham, au nonbu. Wapo wasiokula wala kunywa kutwa nzima, wapo wanaokunywa maziwa na kula matunda, wapo wanaokula mlo mmoja, na walio wengi hubadilisha chakula tu: hawali nyama, samaki wala mayai, na mara nyingi hawagusi vitunguu maji na vitunguu saumu. Sisi tuliozoea mfungo wenye mipaka iliyo wazi tunaweza kuuona huu mlegevu. Mama mwenye nyumba wangu aliupima kwa njia nyingine: aliniuliza kama mtu aliyefunga amegombana na nani siku hiyo.

Mkahawani, tafuta neno *saivam*. Maana yake ya asili ni wafuasi wa Shiva, na leo ni chakula kisicho na nyama. Yai si saivam.

8. Ni siku zipi za kila mwezi?

Tithi ya 4 baada ya mwezi mpevu ni ya Pillaiyar, yaani Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, na mfungo hufunguliwa mwezi ukishaonekana. Ya 6 katika mwezi unaokua ni ya Murugan. Ya 11, mara mbili kwa mwezi, ni Ekadasi ya Perumal, yaani Vishnu. Ya 13, nayo mara mbili, ni Pradosham ya Shiva. Mahekalu hujaa kati ya saa 10:30 na saa 12:00 jioni, na ng'ombe wa jiwe anayemtazama Shiva huogeshwa kwa maziwa. Kisha mwezi mpevu, na siku ya giza (swali la 10). Hakuna anayefunga zote. Kila nyumba ina mbili tatu zake, nyingi za kurithi.

9. Kwa nini wali umekatazwa siku ya Ekadasi?

Nafaka zote huachwa, na wali ndio unaotajwa kwa kuwa ndio chakula chenyewe. Wenye msimamo mkali hukesha pia. Kufungua ni ibada kamili: lazima kufanyike asubuhi ya tithi ya 12, kabla haijapita, na kwa desturi kwa majani ya agathi na tunda chachu la nelli. Jirani akikuletea mboga hiyo asubuhi na mapema, amekushirikisha futari yake.

10. Amavasai ni siku ya furaha au ya msiba?

Ni siku ambayo mwezi hauonekani kabisa, na ni ya marehemu. Aliyefiwa na baba humwaga maji yenye ufuta mweusi kwa ajili yake na waliomtangulia. Chakula kikiiva, tonge la kwanza huwekwa juu ya ukuta au paa kwa ajili ya kunguru. Watu hawali mpaka kunguru ameonja. Nimeona mtu mzima mwenye madaraka ofisini amesimama juani akimwita kunguru kwa sauti ya upole kama anayemwita mzazi, na sitalisahau hilo.

Kubwa ni tatu: za Aadi, Purattasi (Mahalaya) na Thai. Asubuhi hiyo nyumba nyingi hazichori kolam, yale mapambo ya unga wa mchele mlangoni. Si siku mbaya, ila si siku ya kwenda na zawadi ya harusi.

11. Mbona mwezi mzima wa Purattasi watu hawali nyama?

Purattasi (katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba) ni mwezi wa Perumal, hasa wa hekalu la Tirupati. Wengi huacha nyama mwezi wote. Wengine Jumamosi tu. Biashara ya kuku na samaki hupungua waziwazi. Nje ya Purattasi, Jumanne na Ijumaa ni siku ambazo nyumba nyingi hazipiki nyama.

12. Nani hafungi?

Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wazee dhaifu. Kama unauguza na jirani wa kitandani anakataa kula kwa sababu ya nadhiri, mjulishe muuguzi mapema, hasa kama ni mtu wa kisukari. Mara nyingi familia hukubali maziwa au tunda.

## Sikukuu kubwa

13. Pongal ni nini hasa?

Ni sikukuu ya mavuno, na ukiniuliza mimi ndiyo sikukuu yenye moyo wa Watamil kuliko zote. Neno lenyewe linatokana na kuchemka hadi kufurika. Siku ya kuamkia, Bhogi, vitu chakavu hutolewa nje na kuchomwa. Siku ya 1 ya Thai, tarehe 14 au 15 Januari, mchele mpya huchemshwa uani kwa maziwa na sukari guru, chungu kimefungwa mche mbichi wa manjano shingoni, miwa imesimamishwa pembeni. Maziwa yakifurika wote hupiga kelele: *Pongalo Pongal!* Chungu huachwa kifurike kwa makusudi. Upande yanakomwagikia hutazamwa kama dalili ya mwaka.

Siku inayofuata ni ya ng'ombe, Mattu Pongal: huogeshwa, pembe hupakwa rangi, nao hulishwa pongal. Ya mwisho, Kaanum Pongal, ni ya kutembeleana, na ufukwe wa Marina mjini Chennai hujaa pomoni.

Siku hizo hizo ndipo huchezwa jallikattu, mchezo wa kushika nundu ya fahali, maarufu zaidi katika vijiji vya Avaniyapuram, Palamedu na Alanganallur karibu na Madurai. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku mwaka 2014. Januari 2017 vijana walikaa Marina kwa siku kadhaa wakiudai, jimbo likatunga sheria ya kuurudisha, na mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ikaikubali.

Kwa kuwa ni shukrani kwa jua, ardhi na mifugo, Watamil Wakristo wengi nao huchemsha chungu chao, wengine uani kwa kanisa.

14. Deepavali na Diwali ni kitu kimoja?

Ni ndugu wawili wasiofanana sura. Diwali tunayoiona Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ni zaidi ya Wagujarati: taa za jioni, ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, usiku wa giza, na mwaka mpya wao baada yake. Ya Watamil ni ya alfajiri. Familia huamka kabla ya jua, mkubwa wa nyumba humpaka kila mtu mafuta ya ufuta kichwani, wanaoga maji ya moto, wanavaa nguo mpya, fataki zinaanza kungali giza. Wakikutana huulizana kama wameshaoga Ganga, ingawa mto huo uko mbali sana nao. Kabla ya vitamu hulambwa dawa nyeusi ya tangawizi na viungo iitwayo legiyam, kinga ya tumbo kwa karamu inayokuja.

Kisa chao ni mungu Krishna kumwua jitu Narakasura, si Rama kurudi Ayodhya. Nayo hufuata tithi ya 14, inayotangulia giza. Mwaka 2024 ilikuwa 31 Oktoba, 2025 ikawa 20 Oktoba, 2026 ni 8 Novemba: inarudi nyuma siku kama 11, kisha mwezi wa ziada unaisukuma mbele.

15. Wale wanaojichoma mishikaki Thaipusam ni akina nani?

Ni waumini wa Murugan wanaotimiza nadhiri, mara nyingi kwa mtoto aliyepona. Huangukia nyota ya Pusam katika mwezi wa Thai, karibu na mwezi mpevu. Walio wengi hawajichomi kitu: hubeba chungu cha maziwa kichwani, au kavadi, upinde wa mbao uliopambwa kwa manyoya ya tausi. Kabla ya hapo huwa wamejizuia kwa wiki kadhaa, wengine siku 48: hakuna nyama, pombe wala unyumba, na hulala chini.

Picha nyingi za mishikaki hutoka Batu Caves, Malaysia, penye ngazi 272. Tamil Nadu kitovu ni kilima cha Palani, ambako watu hufika kwa miguu kutoka mamia ya kilomita. Kwa upande wetu wa bahari, Mauritius ni siku ya mapumziko kitaifa, na Durban husherehekewa pia.

Mfungo mwingine wa Murugan ni Skanda Sashti, siku sita baada ya giza la Aippasi. Siku ya sita, ufukweni Tiruchendur, huigizwa vita vyake na jitu Surapadman.

16. Karthigai Deepam?

Taa za udongo hupangwa ukutani, ngazini na mlangoni kila nyumba, mwezi mpevu ukiwa karibu na Kilimia. Tiruvannamalai moto mkubwa wa samli huwashwa kileleni mwa kilima jioni. Kwa Mtamil wa vijijini hii ndiyo sikukuu ya taa, ya zamani kuliko Deepavali.

17. Kwa nini hakuna harusi mwezi wa Aadi?

Aadi ni wa miungu wa kike, Amman. Ijumaa zake, uji wa ulezi au uwele hugawiwa bure mitaani. Siku ya 18 wanawake hushuka Kaveri kuushukuru mto unaojaa. Harusi na kuhamia nyumba mpya husubiri Aavani, na maduka ya nguo hupunguza bei ili wateja wasikatike.

18. Na Margazhi?

Nao hauna harusi, lakini ni mtukufu. Alfajiri kuna baridi, mahekalu huimba beti 30 za Andal, mshairi mwanamke wa kale, moja kwa kila siku, na kolam huwa kubwa kuliko miezi yote. Usizikanyage.

19. Mbona rafiki yangu alikataa kufungua daftari?

Ilikuwa Saraswati Puja, siku ya 9 ya Navaratri, sikukuu ya usiku tisa. Vitabu, na kwa mafundi vifaa vyao, huwekwa mbele ya mungu wa elimu na havitumiki. Mabasi na bajaji huvishwa mashada. Kesho yake, Vijayadasami, husomwa tena, na watoto wadogo huandika herufi ya kwanza kwenye sinia la mchele.

## Kwa mgeni na jirani

20. Nimealikwa. Nifanyeje?

Vua viatu mlangoni. Peleka matunda au vitamu, na utoe na kupokea kwa mkono wa kulia. Mwenye nyumba mwanamke mwite *Amma*, "mama". Mgeni mwanamke ataagwa kwa majani ya tambuu, popoo, manjano na maua. Pokea, ni heshima ya nyumba. Siku ya Amavasai au Ekadasi uliza kwanza kabla ya kupeleka chakula ulichopika.

21. Mimi ni Mwislamu au Mkristo. Nile?

Tofautisha chakula kilichopikwa kwa wageni na prasadam, kilichotolewa kwanza mbele ya mungu. Kula au kutokula prasadam ni jambo la dini yako. Ukikataa, weka mkono kifuani, sema *podhum*, "yatosha", na uombe maji. Watamil Waislamu na Wakristo wanaishi hivyo na majirani zao tangu zamani, na hakuna aliyewahi kunikasirikia.

22. Fundi amekataa kuanza kazi akataja "Rahu kalam". Ni nini?

Ni saa moja na nusu kila siku ambayo kazi mpya haianzishwi. Kwa saa za Kiswahili: Jumatatu 1:30–3:00 asubuhi, Jumamosi 3:00–4:30, Ijumaa 4:30–6:00, Jumatano 6:00–7:30 mchana, Alhamisi 7:30–9:00, Jumanne 9:00–10:30, Jumapili 10:30–12:00 jioni. Kazi iliyokwisha kuanza huendelea.

## Mambo yenye utata

23. Almanaki mbili zinatoa saa tofauti. Ipi sahihi?

Kuna hesabu mbili. Vakiya hutumia kanuni za kale. Thirukanitha hurekebishwa kwa vipimo vya sasa vya anga. Kwa kawaida hupishana kwa saa chache, lakini kwa sayari nzito pengo hukua: kuhama kwa Zohali, kwa Thirukanitha kulikuwa Machi 2025, na kwa Vakiya, inayofuatwa na hekalu la Thirunallar, Machi 2026. Fuata ile ya hekalu au nyumba unayoitembelea.

24. Amavasai mbili ndani ya mwezi mmoja?

Hutokea, kwa sababu mwezi wa jua ni mrefu kidogo kuliko safari ya mwezi wa angani kutoka giza hadi giza. Mwaka 2023 Aadi ilikuwa nazo tarehe 17 Julai na 16 Agosti. Wengi waliifanya ya pili kuwa ndiyo Aadi Amavasai.

25. Mwaka 2024 haukuwa na Vaikunta Ekadasi. Ilisahauliwa?

Hapana. Ni Ekadasi ya mwezi unaokua ndani ya Margazhi, siku ambayo hekalu la Srirangam hufungua lango lake la kaskazini kwa umati. Margazhi huvuka Desemba na Januari, kwa hiyo iliangukia 23 Desemba 2023, kisha 10 Januari 2025, kisha 30 Desemba 2025. Kalenda ya Kizungu ndiyo iliyoruka. Kwa Watamil kila Margazhi ilipata yake.

26. Kwa nini siku ya kuzaliwa Krishna ina tarehe mbili?

Wengine hufuata tithi ya 8, wengine nyota ya Rohini. Zisipokutana, kila kundi hushika yake. Rejea swali la 3.

27. Niko Dar es Salaam au Nairobi. Nifuate tarehe za Chennai?

Chennai iko mbele yetu kwa saa 2 na nusu. Tithi huisha kwa wakati mmoja duniani kote, lakini jua halichomozi pamoja, hivyo tithi iliyokuwapo alfajiri ya huko huenda isiwepo alfajiri ya huku. Mwombe jirani almanaki iliyokokotolewa kwa mji wenu. Kwa mifungo ya kufunguliwa mwezi ukionekana, tazama mbingu ya hapo ulipo.